Mkanda wa Jeshi Ubavuni Mwangu

Nilirudi kutoka Bangale ubavu wa kulia unawaka. Nilidhani nimelalia siafu, maana mvua ilikata barabara, tukalala chini ya lori, mimi na mbuzi niliokwenda kununua, na nikakawia kuliko nilivyoaga. Huko kukawia ndiko kulikoniponza zaidi ya ugonjwa wenyewe. Baadaye vikanitoka vipele vya maji, vimejipanga mstari kutoka mgongoni mpaka karibu na kitovu, upande mmoja tu, kama mtu kapima kwa kamba.

Mke wangu alivitazama, kisha akashusha shati langu kwa ncha za vidole.

"Huu mkanda wa jeshi," akasema. "Bangale ulikaa na nani?"

"Na mbuzi."

"Mbuzi hawapiki chai."

Huku kwetu Garsen, mkanda ukimtoka mtu, hakuna anayemuuliza unauma vipi. Watu wanahesabu safari zake. Ukimwi ulipoanza kutumaliza, wengi tuliowazika walianza na mkanda, kwa hiyo mkanda ukawa kama hukumu ya mahakama. Hata mimi nimewahi kumtazama jirani yangu hivyo hivyo, simlaumu mtu.

Siku ile ile nikapewa sahani yangu na kikombe changu, vya peke yangu. Mke wangu hana tabia ya kuficha neno. Aliniambia, "Likiwa kweli, narudi kwa kaka zangu Chara, na usinifuate." Nikamwamini. Tumeoana tangu mto unapita kwingine kabisa, kabla haujahama na kutuachia mikorosho upande huu na makaburi upande ule, na katika miaka hiyo yote sijamsikia akisema jambo kisha asilifanye.

Nikaenda kliniki. Muuguzi alikuwa kijana wa Kipini, anasema kile Kiswahili chao cha kuvuta, mtu unasikiliza mpaka unasahau alichokuuliza. Akanichoma kidole, tukangoja. Akasema sina kitu, ila nirudi miezi mitatu ikipita, kwa kuwa ukiupata juzi, leo hauonekani. Nilipomweleza mke wangu, masikio yake yalibeba hilo la miezi mitatu tu.

Nilimuuliza yule kijana, kama sina, mkanda umetoka wapi?

"Babu, udogoni uliugua tetekuwanga?"

"Sikumbuki. Mimi siugui."

"Uliugua. Na kirusi chake hakikutoka. Kimejificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, hapa mgongoni, tangu utoto wako."

Sikupenda. Mtu akikwambia umelala na mgeni miaka sitini na zaidi bila kumwona, unajishika mgongo.

Akanieleza, nami naandika nilivyoelewa, darasa la tatu ndipo nilipoishia. Kirusi peke yake hakizai. Kinaingia ndani ya chembe ya mwili wako, kinaishurutisha ikitengenezee wenzake. Sasa mwili una askari katika damu. Wako wanaotengeneza vitu vya kukinasa kirusi kikiwa bado nje. Na wako wengine, hao ndio walionitia shaka, wanaopita kwa kila chembe. Kila chembe, alisema, huning'iniza nje vipande vya kile inachotengeneza ndani. Askari anapapasa. Akikuta kipande cha kigeni, anaiamuru ile chembe ife, na kirusi kife nayo.

"Chembe yangu mwenyewe?" nikamuuliza.

"Yako mwenyewe."

"Askari gani huyo anamuua mwenye nyumba?"

"Akimwacha, nyumba za jirani zote zinaingiwa, Babu."

Vita vikiisha askari wengi hufa, wakabaki wachache wanaomkumbuka adui. Hao ndio waliokuwa wamekizuia kile kirusi changu mgongoni. Mtu akizeeka wanapungua nguvu, nacho kinateremka na mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana ni mstari, na ni upande mmoja.

Hapo nikaelewa kidogo, kwa sababu nimeamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu mdogo. Unakaa juu ya dungu na kombeo na madonge ya udongo, unapiga kelele. Ndege hawaendi mbali. Wanakaa kwenye matete wanakusikiliza. Sauti ikikukauka tu, wameshuka. Siku hizi vijana wanafunga mikanda ya kaseti iliyokufa, inalia na upepo, na ndege wanakula vilevile. Lakini hayo si ya leo.

Neno la mwisho la muuguzi lilikuwa hili: nifunike vidonda, na mtoto mchanga asinisogelee, maji ya vile vipele yanampa tetekuwanga. Sisi tuna mjukuu wa kike, anatambaa. Nikafikisha ujumbe.

"Sasa hutaki kulea mjukuu," mke wangu akasema.

"Dakitari kasema."

"Huyo huyo aliyekwambia huna kitu."

Mama yake mtoto naye alikuwa na shamba la kupalilia, na mwanaume aliyekaa nyumbani anaumwa ndiye huachiwa mtoto. Basi ikawa kikombe changu kinaoshwa kwa maji yake na kuanikwa peke yake, huku mtoto analetwa kwenye mkeka wangu. Nikimsukuma analia, wakiingia wananitazama vibaya. Kikoi changu kilikuwa kinagusa vidonda, na yeye anatafuna ncha yake kwa fizi.

Mkanda ukakauka. Wiki mbili na ushei zikapita, mtoto akashikwa na homa, akatoka vipele kichwani, tumboni, kila mahali. Mke wangu alimvua nguo mlangoni penye mwanga. Tetekuwanga hakuhitaji kuambiwa, amelea wengi.

"Kilichomtoka huyu," akasema, "ndicho alichosema yule kijana wa Kipini."

"Mimi ndiye nimempa yeye."

"Nimesikia."

Mtoto alipona, akabakia na kovu moja juu ya nyusi. Nilifikiri mambo yameisha. Lakini mwanamke akikaa na jambo analigeuza. Jioni moja akaniuliza hao askari wangu wamechoka kwa uzee, au kuna kilichowachosha? Yule kijana alisema uzee, ila hakusema uzee peke yake.

Kwa hiyo miezi mitatu ilipofika tulikwenda wote. Muuguzi akamwambia naye atoe kidole.

"Mimi kwa nini? Mimi sijaenda Bangale."

"Ni desturi, Mama. Wawili wakija, wote wanapimwa."

Akachelewa kukitoa. Nami, Mungu anisamehe, nikajikuta namtazama usoni, nahesabu safari zake za Chara. Aliniona. Tulikaa kwenye benchi, kila mtu anaangalia kipimo cha mwenzake.

Vyote vilikuwa safi.

Chara hakuhama. Alikwenda kusalimu tu, na kabla ya kuondoka aliniambia atalala huko usiku mmoja, na atalala kwa kaka yake mkubwa, chumba cha watoto wa kike. Sikuwa nimemuuliza.