Tulivyomlilia Mama ili Mti Usikatwe

Sisi watu wa Kisangani tunavumilia mengi, hata kanisa lenye spika nne. Lakini mtu kuuza uwanja wa kambi, hapana, hapo damu yangu inachemka mpaka leo. Kambi yetu ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda ambacho chenyewe kilishakufa. Nyumba zimebanana, na katikati kuna kiwanja kimoja cha majani na mti mmoja mkubwa wa nsafu. Kila mwaka tulikula nsafu zake na chikwange, mkate wetu wa muhogo, bila kumuuliza mtu. Halafu akaja bwana mmoja mwenye shati la mikono mirefu, akatuambia kiwanja ni chake, karatasi anazo, anataka kujenga nyumba yake, na Jumatatu anakuja na wakataji. Nani alimuuzia? Sijui, na siku nikimjua tutaonana.

Wengine walisikitikia kivuli na matunda. Mama yangu alisikitikia jambo lingine. Alikuwa mzee, miguu imevimba, na nyumba yetu haikutosha hata viti vya wageni wa kawaida. Kila aliyekufa kambini, Mkristo au Mwislamu, tulimlilia pale chini ya nsafu.

"Na mimi mutanililia wapi?" aliniuliza. "Ku barabara, kati ya mapikipiki?"

Wazo la matanga lilitoka kwa papa jirani yetu, fundi cherehani. Kwetu matanga ni ukuta. Bashi, lile turubai la msiba, ikishafungwa na watu wakishakaa kulia, hakuna anayethubutu kuwasha mashine pembeni. Akithubutu, kesho watasema ndiye aliyemroga marehemu. Donc, alisema fundi, Jumatatu tuweke matanga. Wote tukakubali. Kasoro moja tu: hatukuwa na maiti. Tukaanza kutazamana, na ghafla kila mtu akawa na afya nzuri.

"Muniweke mimi," mama alisema. "Picha iko."

Nilikataa. Nilisema huo ni mkosi, nikasema Mungu hachezewi. Akaniuliza kama anayekufa ni mimi.

Bon. Jumatatu asubuhi bashi ilifungwa kwenye tawi la nsafu, picha ya mama ikawekwa mezani na maua ya plastiki, na mama mwenyewe akafungiwa chumbani na chupa ya chai. Waliouliza maiti tuliwaambia iko morgue ya hospitali. Lakini habari ya msiba haina breki. Mama mdogo, dada yake wa Yanonge, alifika mbio akajitupa majanini. Nilipomnong'oneza ukweli alisema sawa, lakini kilio kimeshaanza, acha akimalize. Mama naye aliniita dirishani kila mara: yule mbona halii, mboga ya pondu haina chumvi, nani amewaambia waimbe wimbo huo.

Bwana akaja na wakataji wake. Walipoona bashi walizima pikipiki, wakavua kofia. Tukawapa viti, tukawapa sahani. Mmoja wao alilia kwa uchungu mpaka nikamwonea huruma. Nikaanza kuamini tumeshinda.

Kumbe yule bwana alikuwa na moyo mwema, na wema wake ndio uliotaka kutumaliza. Alisimama mbele ya picha, akafuta macho, akasema hawezi kuhamia kwetu mikono mitupu. Sanduku la kumzikia mama litoke kwake. Mti huu ataukata sasa hivi, na mbao zake zote ni za marehemu.

Nani anakataa sanduku mbele ya watu? Fundi alitazama viatu vyake. Wengine, wajinga wale, walipiga makofi! Wakataji wakainuka, mashine ikawaka.

Ndipo mlango wetu ukafunguka. Mama akatoka na kikwembe chake kiunoni, akiburuta miguu, mpaka mbele ya picha yake mwenyewe.

"Sanduku ya nani?" aliuliza. "Mimi nilikuomba sanduku?"

Aka! Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile. Mashine ilitupwa ikiwa bado inanguruma, viti vikavunjika, na mama mdogo, aliyejua yote, naye akakimbia. Bwana tulimwona mara ya mwisho amepakiwa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, kiatu kimoja mguuni. Hakurudi tena. Tulisikia alijaribu kukiuza kiwanja, lakini nani atanunua mahali ambapo wafu wanatoka nje kugombana? Mama alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama pondu imebaki.

Majira ya mvua ya mwaka uliofuata, mama alikufa kweli. Bashi niliifunga mwenyewe. Kambi yote ilikuja, na watu wa mitaa ya mbali, wakajaa pale chini ya nsafu. Hakuna aliyelia. Walikaa wakiangalia mlango wetu, wengine wakitabasamu, viti wameviweka mbali kidogo, tayari kwa mbio. Nilitaka kuwatukana wote. Lakini na mimi macho yangu yalikuwa mlangoni.

Mwishowe fundi akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama iko mu chumba?"

"Hapana," nikamwambia. "Mara hii haiko."

Akanishika mkono. Mama mdogo alikuwa amesikia, akapiga yowe, na kiwanja kizima kikalia.