Miduara kwenye Gari Jeusi la Papa Birindwa

Mtu akikuambia Sikuli ni mvivu, jua hajawahi kuishi naye. Alitoka Butembo angali kijana, akaja Goma kulinda ua wa Papa Birindwa, mfanyabiashara wa maharagwe, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna jani lililolala uani humo hadi mchana.

Vita vilipofika Kibumba, karibu na Goma, Papa Birindwa na familia yake walivuka mpaka kwa miguu, maana wenye silaha walikuwa wakichukua kila gari lililotembea. Lile lake jeusi, alilolipata baada ya miaka mingi ya kulala juu ya magunia njiani, alimwachia mlinzi.

“Papa Sikuli, gari iko mu mikono yako,” alimwambia. “Nikirudia, niikute vile niko naiacha.”

Sikuli akang’oa magurudumu, akayaficha darini. Akaliketisha gari juu ya mawe ya volkeno nyuma ya nyumba, akalifunika kwa turubai. Siku ya tatu akaingia Mama Henriette, mkimbizi kutoka Kibumba, na watoto wanne waliolowa chepechepe. Sikuli hakufikiri mara mbili. Alivuta turubai akawafanyia kibanda, na gari likabaki wazi.

Sasa, vumbi la Goma mnalijua. Vumbi lile jeusi la mawe ya mlima huingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kwa hiyo kila asubuhi, akishamaliza kusali, Sikuli alichukua kitambaa akalipangusa gari kwa kuzungusha mkono, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Alilipangusa kavukavu, kwa sababu mabomba yalikuwa yamekauka na madumu ya maji ya ziwa yalikuwa ya kunywa na kupikia. Alifanya hivyo miezi saba, na moyoni alijisifu sana.

Mapigano yalipotulia, habari ikaja: Papa Birindwa anarudi Jumamosi. Siku habari hiyo ilipofika, jua likatoka kali, na Mama Henriette akamwita.

“Papa Sikuli, kuya uone! Hii gari, ni buibui njo ilipita juu yake?”

Sikuli akainama kutazama. Kuanzia boneti hadi nyuma, rangi ilikuwa imejaa miduara midogo midogo, maelfu, mmoja juu ya mwingine. Nani angeamini kuwa gari hilo halikutoka uani? Papa Birindwa angesema limetembezwa, labda limefanywa teksi. Miaka kumi na mitatu ya kuaminiwa ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake.

Akakimbia hadi mtaa wa Birere kumwita Onésime, fundi wa kupaka rangi magari. Onésime akapitisha ukucha juu ya boneti.

“Ukucha haikwami. Iko juu juu tu, itatoka. Ulikuwa unapanguza na nini?”

“Na kitambaa.”

“Chenye maji?”

“Maji ilikuwa wapi?”

“Muzee, hii vumbi ni mawe! Kila siku ulikuwa unasaga gari na mawe.”

Sikuli aliona aibu hadi masikioni. Yaani aliyeliharibu gari alikuwa yeye mwenyewe, na kitambaa chake!

Mabomba yalikuwa yameanza kutoa maji. Wakamwagia gari ndoo baada ya ndoo bila kuligusa, mpaka vumbi likateremka lenyewe. Ndipo wakaosha, ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kimoja kilimponyoka Sikuli kikaanguka chini. Alipoinama kukiokota, Onésime akapiga kelele kama ameona nyoka. Kilichogusa ardhi ya Goma hakirudi kwenye gari.

Kisha, kivulini, Onésime akapaka dawa ya kung’arishia mahali padogo kama kiganja, akasugua kwa mkono mwepesi, akafuta. Miduara haikuwapo tena. Sikuli aliona uso wake mwenyewe ukimtazama, ndevu na yote, akaketi juu ya ndoo na kulia kwa furaha bila kujificha.

Kufikia Ijumaa gari lote lilikuwa safi, isipokuwa mlango wa dereva, chini ya kishikio. Hapo miduara ilikuwa imezama.

“Nikizidi kusugua nitakula rangi,” alisema Onésime, akaacha.

Jumamosi Papa Birindwa alilizunguka gari lake, akitikisa kichwa kwa mshangao. Sikuli angeweza kunyamaza. Lakini alimshika mkono akampeleka mlangoni.

“Papa, ni miye njo niliichuna. Nilikuwa napanguza vumbi bila maji.”

“Siku ngapi?”

“Kila siku.”

“Hata ile siku mabomu ilianguka mu kartye, hapa mu mtaa yetu?”

“Ile siku vumbi ilikuwa mingi, papa. Nilipanguza mara mbili.”

Papa Birindwa alicheka hadi akaegemea gari, na machozi yakamtoka. Onésime, aliyekuwa amesimama kando, akadhani tajiri anataka mlango nao usafishwe, akachukua kitambaa na kopo la dawa ili ajaribu tena. Papa Birindwa akaweka kiganja chake juu ya ile miduara.

“Hapa usiguse,” akasema. “Iache.”