Ukurasa usioitika amahoro

Jamani, mpaka sasa sielewi mwenye kosa ni nani: mimi, mikro, ama shangazi wangu, Tantine Odette.

Nimetengeneza ukurasa wa intaneti wa wauzaji wa mafuta ya mawese hapa Rumonge. Unaufungua kwenye telefone, unaruhusu mikro isikie sauti yako, unasema uko na bidon ngapi, yaani madumu mangapi ya mafuta. Ukurasa ukisikia sauti, taa ya kijani inawaka. Ukinyamaza kidogo, unajua umemaliza, unafunga.

Mimi nikijaribu, iko sawa kabisa!

Leo Tantine Odette amekuja kutoka Minago. Nikamupa telefone.

Akasema: "Amahoro."
Taa ikawaka. Akanyamaza. Ukurasa ukafunga.

Akarudia kwa nguvu: "Amahoro!"
Ukafunga tena.

Nikaangalia mikro: nzima. Ruhusa: iko. Nikafungua upya. Nikapanguza telefone na kitenge cha Tantine, eti vumbi. Bado ni vile vile.

"Tantine, mbona husemi mafuta?"

Akaniangalia kama mutoto asiye na adabu.

"Nimeisalimia, haijaitika. Nitaanzaje biashara na mutu hajaitika?"

Kweli, huku kwetu nani anaanzaga na bei?

Basi nikaongeza kitu kidogo: ukisalimia, ukurasa unajibu, "Amahoro, mama."

Tantine akacheka, akafurahi. Nikajua tumemaliza.

Akasogeza telefone karibu na mudomo.

"Na watoto, hawajambo?"

Akangoja.

Taa ikazima.

Sasa nyinyi wenye akili niambieni: huu ukurasa niupe watoto wangapi?