Paa nililolisingizia kuvuja

Naandika haya kwa aibu, na sina hakika kama nayaeleza vizuri. Fundi Elia ndiye aliyeniezekea nyumba yangu ya mabati hapa Oldonyo Sambu. Asubuhi moja ya baridi kali, nikiwa jikoni, matone yakanidondokea kichwani. Nikasema moyoni, huyu ameacha matundu ya misumari.

Nilipaswa kumwambia yeye kwanza. Badala yake nilisimama mbele ya wazee wa kanisa, waliotaka kumpa kazi ya kuezeka kanisa letu, nikasema paa lake linavuja. Kazi ikasimamishwa.

Kusema haki, Elia hakunitukana. Aliwaomba wazee waje kwangu alfajiri, wajionee wenyewe.

Walikuja wawili. Hawajakaa vizuri, tone likamwangukia mmoja kwenye upara.

"Kweli linavuja," akasema akijifuta. "Lakini mama, mvua ilinyesha lini?"

Kilikuwa kipupwe, msimu wa baridi usio na mvua, na nje kulikuwa na umande tu kwenye nyasi.

"Labda ni umande umepenya," nikajitetea.

Elia hakubishana. Alifunua sufuria yangu ya makande iliyokuwa ikichemka tangu usiku. Mvuke ukapanda, ukagusa bati la baridi, ukageuka maji pale kama umande. Tukasimama tukitazama juu, mpaka matone yakakua na kuanza kudondoka.

Wazee wakanigeukia mimi.

"Mama Neema," Elia akasema taratibu, "hiyo mvua unaipika mwenyewe."