Panya Mweupe wa Marehemu Idi

Usiku ule nililala nikiwa nimekwisha kuamua: asubuhi ningemchukua panya wa Idi, nikamwachie kichakani nyuma ya shule. Uamuzi huo nilikuwa nimeuita uhuru. Mtu aliyesoma vitabu vingi hakosi jina zuri la kuuvika uzembe wake.

Idi alikuwa mtunza maabara wa shule ninayofundisha, rafiki yangu wa miaka ishirini, mseja hadi kufa. Panya wake mweupe, jike, alimwita Shemeji, na kila nilipomtembelea alinitaka nimsalimie kwa jina hilo. Nilikataa. Nilimwambia kuwa mtu mzima hafanyi mzaha na heshima za ukoo. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, redio ilipata mwenyewe, baiskeli ikapata mwenyewe, hata kandambili; kizimba kikabaki uani, watu wakikicheka. Nikakibeba, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi Idi alipokuwa mgonjwa. Miezi minne nilimpa panya yule mtama na maji, nikambadilishia maranda ya mbao kila Jumamosi. Neno sikumpa.

Jirani yangu, Mama Rehema, aliposikia habari za kichaka, alitikisa kichwa. Akasema kunguru watammaliza kabla sijarudi nyumbani. Kisha akaongeza kuwa nyumba yangu ina viumbe wawili na hasikiki hata mmoja akikohoa. Nilimjibu kwamba chakula kipo, maji yapo, hakuna kinachopungua.

Ndotoni nilikuwa maabarani, nikimtafuta Idi kati ya meza. Nikasikia funguo zake. Nikageuka, na meza hazikuwapo tena. Palikuwa chumbani kwangu, penye kile kitanda kipana ambacho nusu yake haijalaliwa tangu mke wangu arudi kwao. Kuta zimekuwa nyaya. Nimekaa juu ya maranda. Idi amesimama nje, mkubwa kupita mlango, amevaa koti lake jeupe lenye doa la wino mfukoni. Anafungua kijimlango, anamimina mtama. Anabadilisha maji. Hanitazami. Anaondoka. Anarudi, anamimina, anaondoka. Sijui ni siku ngapi, kwa kuwa siku zenyewe hazina cha kuzitofautisha. Namwita. Sauti yangu ni nyembamba, haifiki. Najibanza kwenye nyaya, nakishika kidole chake.

Hapo ananitazama, bila hasira.

"Chakula kipo, Mwalimu," anasema. "Maji yapo. Unataka nini tena?"

Nakishikilia tu kidole. Kina joto, kinanuka spiriti, kama alivyonuka siku zote. Kisha maranda yanakuwa udongo, na tuko makaburini, naye anakung'uta koti lake kama mtu anayechelewa kazini.

"Sikukuachia mzigo," anasema. "Nilikuachia wa kusalimiana naye."

Anageuka. Kidole kinachomoka mkononi mwangu.

Niliamka. Kulikuwa kumekucha, Mama Rehema alikuwa akifagia uwanja wake. Nilikwenda sebuleni. Boksi nililoliandaa kwa safari ya kichakani lilikuwa mlangoni, nimelitoboa matundu ya hewa kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba hewa ndiyo ingemwokoa na kunguru. Panya alikuwa amejikunja pembeni mwa kizimba. Nilifungua kijimlango, nikaingiza kidole, nikakiacha hapo. Alikaa muda mrefu bila kusogea, nami sikuwa na haki ya kumharakisha. Hatimaye akaja, akakinusa, sharubu zikinitekenya.

Nilitupa jicho dirishani nisije nikasikiwa. Aibu ya mtu mzima haifi kwa ndoto moja.

"Shemeji," nikasema, "umeamkaje?"

Nje, ufagio wa Mama Rehema ukanyamaza.