Siku Tatu Mkononi

Mwezi uliopita mwanangu alisimama mlangoni pa duka langu, hapa Malvern, akaitazama meza yangu ya kutengenezea saa, akasema, "Papa, tuitoe. Hapo tunapanga kava za simu." Ndugu yangu, sikukasirika. Nilichoka tu, ghafla.

Mimi shule niliishia darasa la nne, nikwambie wazi. Nilifika Johannesburg na begi moja. Leo nina maduka matatu Jules Street, na wenye digrii zao wananiletea saa wakiniita fundi. Lakini ninachokijua chote kilitoka Bukavu, kwenye chumba cha mbele cha babu. Yeye alifundishwa na Mswisi mmoja wa misheni, mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya mafundi saa. Babu akamfundisha baba, baba akanipa mimi.

Asubuhi nyanya alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiamke. Unga ulichekechwa nyuma kabisa, mbali na meza. Chumba kilinuka benzini mpaka mchana, halafu ikaingia harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, za kukaanga, na babu akaanza kugomba kwamba mafuta yatamharibia vidole. Ukutani saa zilisema zote pamoja, na hakuna hata mbili zilizopatana.

Sheria yetu ilikuwa hii: saa ikishatengenezwa, mwenyewe haipati mpaka mtoto wa nyumba aivae siku tatu. Babu alisema mezani saa inajifanya nzima, mpe mtoto aruke nayo. Basi nikiwa na miaka minane nilienda shule na saa tatu za Uswisi, mkono huu mbili, ule moja. Waziri gani alikuwa nazo? Nikicheza mpira, nikipigana, nilikuwa kazini.

Siku moja mwalimu wa hesabu alinishika mkono mbele ya darasa. "Wee! Hii si saa yangu?"

"Ni yako, Mwalimu."

"Na inafanya nini kwako?"

"Inapona."

Darasa likapasuka. Akanivuta sikio mpaka kwa babu. Babu hata lenzi hakuitoa jichoni. "Mwalimu, leo ni siku ya pili. Unataka isimame kwake ao kwako?"

Mwalimu akaachia sikio langu. Na kesho yake ilisimama kweli, nikiwa juu ya ukuta wa shule. Babu akaifungua upya.

Sasa sikia ya huku. Mwezi huu mama mmoja wa kanisani kwetu aliniletea saa ya marehemu mume wake, ya kutia ufunguo. Mwanangu akasema, "Sharp, Papa. Hiyo ikitembea, meza inabaki." Niliisafisha wiki nzima, macho yakinitoka machozi. Kisha nikamwomba mwanangu aivae siku tatu.

"Eish, Papa, mimi? Wataniita babu."

Saa ya kwake inamhesabia hatua na mapigo ya moyo. Nikaivaa mwenyewe, ikatembea vizuri. Lakini mimi nashinda kwenye kiti, naangalia magari yakisubiri roboti, taa za barabarani, igeuke kijani. Mkono wangu siku hizi hauendi popote.

Yule mama anauza mboga, anabeba makreti tangu alfajiri. Nikampa saa yake, na siku ya pili alirudi. Imesimama. Nikamwomba wiki moja tu, niifungue upya, nikamwapia itatembea.

Akacheka kidogo. "Acha, Papa. Saa naangalia kwenye simu. Hii naivaa sababu ilikuwa yake. Nipunguzie tu mkanda, unanipwaya."

Mwanangu alisikia yote. Hakunicheka. Alichukua futi akaanza kupima ukuta, na Jumamosi meza itatoka. Ufundi wa babu ninao bado, usinidharau. Walioisha ni watu wa kuingoja saa siku tatu, wakauliza, wakagomba, wakavuta sikio la mtu kwa ajili yake.

Nilitoboa tundu moja kwenye mkanda, nikamfunga mkononi, na yule mama akanishukuru kana kwamba nimemaliza kazi.