Watu Arobaini na Mbuzi Sita

Mchapishaji wa kwanza, wa Kampala, aliniuliza ni nani anayesoma Kiswahili Uganda. Nikamjibu: askari. Akasema askari hawasomi. Wa pili, wa Nairobi, alikaa na mswada wangu mwaka mmoja na miezi miwili, kisha akaniandikia kwamba hadithi ni nzuri sana, ila je, haiwezekani chombo cha angani kiwe basi, sayari iwe jiji, na shujaa awe msichana anayepotoshwa na dunia? Wa tatu alitaka kitabu kiingie shuleni. Kila sura iishie kwa maswali, na mahali fulani watu waonekane wakinawa mikono.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Arua na hasira zangu ni za karibu. Nilikuwa nimetumia miaka sita kuandika habari za watu arobaini wa Koboko wanaopanda chombo cha angani, wanahamia sayari nyingine na kuanza kulima mihogo kwenye udongo usiojua mvua. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba za askari, na nyumbani kwetu Koboko kila mwanamume aliyeota ndevu alipitia jeshini. Baada ya barua ya kunawa mikono nikaamua kitabu nitakichapa mwenyewe, kwa akiba yangu, na wachapishaji wote watatu wabaki na mabasi yao.

Arua mashine za kuchapa zipo, ila kazi yake ni kadi za harusi, mitihani na kalenda zenye picha za mapadri. Mwenye mashine niliyempata alikuwa mtu mpole ambaye hajawahi kuchapa kitu kinachozidi kurasa kumi na sita. Nilipomwekea mswada mezani aliupima kwa kiganja, akauliza harusi ni lini. Kuhusu jalada, alikuwa na picha moja tu ya kitu kinachoruka, ndege ndogo ya mapanga mawili kama zile zinazotua uwanja wetu na wafanyakazi wa misaada. Akaizungushia nyota. Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza, kwamba huko juu hakuna hewa, panga litazunguka bure.

"Lakini mwalimu," akasema, "watu watajua inaruka."

Nilibishana naye wiki nzima. Ndege iko kwenye jalada mpaka leo.

Kabla ya yote hayo nilikuwa nimejiwekea sharti moja: kitabu hakitatoka mpaka mama yangu akisikilize chote. Mama hasomi. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda Koboko, naketi karibu yake akichagua mbegu za simsim, namsomea sura. Sijapata msomaji mwingine kama yeye. Nilipomaliza sura ambayo chombo kimesafiri miezi minane, aliinua kichwa akasema, "Hii uongo. Watu arobaini, miezi nane, na hakuna mutoto amezaliwa?" Nikarudi Arua nikamzalisha mtu.

Mjomba naye alikuwa akisikiliza. Ni kaka yake mama, mkubwa wake, nyumba zao zinatazamana katika boma moja. Maisha yake yote ya jeshi alikuwa mtunza stoo, na alistaafu na tabia zote za stoo. Habari za nyota hazikumsumbua hata kidogo. Alichotaka kujua ni kitu kimoja. "Funguo ya chakula iko kwa nani?" Nikampa mhusika mmoja funguo. "Na akikufa?" Nikaweka wa akiba. Sidhani kama kuna chombo cha angani chenye ghala safi kuliko changu.

Mambo yakaharibika sura ya tisa, ambamo hadithi inarudi nyuma hadi siku ya kuondoka. Katika sura hiyo kuna bikizee anayekataa kupanda. Anaketi kwenye kigoda mlangoni kwake, anakitazama chombo mpaka kinakuwa nukta. Niliipenda sura hiyo kuliko zote, na niliisoma nikikatisha sauti pale panapostahili. Mama aliinuka katikati ya sentensi. Akasema jikoni kuna moshi. Hakukuwa na moshi wowote, nilienda kuangalia.

Tangu siku hiyo, kila nikifungua karatasi mama anakumbuka shughuli. Mara kuku, mara mgonjwa wa jirani, mara swala, hata ile ambayo wakati wake haujafika. Mjomba naye akaanza kuwa na safari za sokoni. Nikaumia sana. Kwa kuwa najiona mwandishi, nilidhani kasoro ni ya lugha. Ile sentensi ya kigoda nikaiandika upya mara saba. Nikamtia bikizee chozi, nikalitoa, nikalirudisha jicho la pili. Mama hakutaka kusikia hata moja, na zilikuwa zimebaki sura kumi na moja.

Mwishowe nikakasirika naye pia, nikamwambia mwenye mashine aanze kuchapa.

Sasa, sura ya kumi inaanza na orodha ya abiria. Ni majina arobaini, umri na kijiji cha kila mmoja, na safu ya saini ambayo Mjomba aliidai siku za mwanzo kabisa. Chini yake wapo mbuzi sita. Majina niliyabuni, lakini kwetu huwezi kubuni jina ambalo halina mwenyewe. Mwenye mashine alipochapa karatasi za kwanza, akaona ile ya orodha imetoka vizuri, safu zimenyooka, akaibandika kwenye kioo cha mlango ili wateja waone kazi yake. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa ORODHA YA WATAKAOONDOKA.

Mtu wa kwetu akiona orodha ukutani hafikirii riwaya. Tumeandikwa kwenye orodha za unga, za maturubai, za mbegu, za kurudi kutoka Kongo, za kurudi kutoka Sudan, za kupelekwa Ulaya ambako hatukupelekwa. Orodha ikibandikwa unatafuta kwanza jina lako, ni ya nini utauliza baadaye. Mama mmoja wa Koboko alikuja dukani kuchukua kadi za harusi ya bintiye. Akasoma kioo chote, akauliza ni kazi ya nani, akatajiwa mimi, akaomba nakala ya orodha akarudi nayo Koboko.

Jumamosi nilipofika nyumbani nilikuta watu kama thelathini uani. Wengine kwenye mabenchi ya msikiti, wengine kwenye mikeka, kila mmoja na bahasha ya nailoni yenye picha za pasipoti na kopi ya kitambulisho. Mjomba alikuwa mezani, kofia kichwani, rula mkononi, amefungua daftari kubwa la jalada gumu.

"Mwalimu umefika," akasema. "Tulianza bila wewe."

Yeye alijua vizuri kabisa kuwa ni hadithi. Lakini watu arobaini walikuwa wameandikwa bila mtu yeyote kuhakikiwa, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Nikasimama mbele yao nikaeleza. Hiki ni kitabu. Hakuna chombo, hakuna sayari, hakuna anayekwenda popote. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mzee mmoja wa kanzu, mfanyabiashara wa tumbaku, akauliza bila hasira, "Sawa, iko hadithi. Sasa kwa nini kijiji yetu haina hata mutu moja ndani?" Mwanamke mmoja akasema yeye jina lake limo, ila umri si wake, ameongezwa miaka kumi na moja, na mume wake ameshaiona. Mwingine akanivuta kando akaninong'oneza, "Mimi iko najua ni hadithi. Wewe weka mimi tu."

Niliwakemea, ndiyo. Lakini nisidanganye, moyoni nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nikiambiwa kitabu hiki hakina wasomaji, na sasa wasomaji walikuwa wamejaa uani kwetu na picha zao, wanadai kuingia.

Hapo mama akatoka jikoni na birika la chai. Akaliweka chini. Akamwambia kaka yake, "Soma hii orodha. Yote."

Mjomba alisimama, maana hasomi orodha ameketi. Akayasoma majina arobaini kwa sauti ya gwaride, na baadhi ya watu wakaitika. Akamalizia, "Mbuzi. Sita."

"Na ule mama wa kigoda?" mama akauliza.

"Hayumo," nikajibu mimi. "Alikataa kupanda."

"Nani alisema alikataa?"

Nikamtazama Mjomba, kwa sababu ndiye aliyesema. Bikizee wa kwenye kitabu ni bibi yangu, mama yao wao wawili, na kila mtu kwetu anajua. Wakati wa vita, tulipokimbilia Kongo, mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Nilichokuwa nikisikia tangu utotoni ni kwamba bibi aligoma kuondoka, akaketi mlangoni, na tuliporudi baada ya miaka hatukumkuta. Pamoja na hiyo kuna hadithi ya pili, ya kuchekesha, ya mbuzi wa kwenye lori waliotafuna mkono wa shati la dereva mpaka kiwiko. Hiyo Mjomba huisimulia kila Idi, na kila Idi tunacheka mpaka machozi. Ndiyo maana niliweka mbuzi kwenye chombo.

"Hakukataa," mama akasema. "Alifunga nguo yake. Alisimama pale na mzigo kwa kichwa. Lori ilikuwa imejaa. Ilijaa mbuzi."

Aliyepakia lori alikuwa Mjomba. Hilo nililijua siku zote, lilikuwa sehemu ya kichekesho. Sasa alikuwa bado amesimama, anaitazama rula.

"Nilisema lori itarudi kesho," akasema.

"Ndiyo," mama akasema. "Ulisema."

Watu wakaanza kurudisha picha zao kwenye bahasha. Yule mzee wa tumbaku akasema chai watakunywa siku nyingine, wakatoka mmoja mmoja bila kelele, na mabenchi ya msikiti wakayachukua.

Nilichofanya baada ya hapo nakiandika kwa aibu. Nilianza kumweleza mama kuhusu uzito. Nikamwambia chombo nimekipigia hesabu, kila kilo ina mafuta yake, wale mbuzi sita ni wa maziwa na hawawezi kuguswa, na zaidi ya hapo karatasi zimeshachapwa. Niliongea hivyo kweli, mbele ya mwanamke aliyebeba jambo hili umri wangu wote. Alinisubiri nimalize.

"Mbuzi moja ni kilo ngapi?"

Nikasema labda thelathini.

"Mama yangu alikuwa mudogo," akasema. "Kama haitoshi, toa mbuzi mbili."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Sura ya tisa niliitupa, pamoja na kigoda na sentensi zangu saba na chozi la jicho la pili. Niliandika nyingine, fupi, ambamo bikizee anafunga nguo zake, anajitwika mzigo, na anapanda. Haina uzuri wa ile ya kwanza. Mwenye mashine akaichapa upya akinung'unika, akashona nakala mia tatu, kumi na mbili kati yake zikiwa na ukurasa mmoja kichwa chini. Sura ya kumi hatukuichapa tena. Mjomba alikataza. Alisema orodha haichapwi upya, orodha inasahihishwa, na kazi hiyo mimi siijui. Vitabu vyote vikapelekwa Koboko kwenye meza yake.

Kwa hiyo ukinunua kitabu changu leo, ukifika kwenye orodha utakuta mbuzi wa sita amekatwa kwa mstari mmoja wa wino wa bluu, umenyooka, na juu yake limeandikwa jina la bibi yangu kwa mwandiko wa jeshini. Pembeni kuna saini. Wasomaji hudhani ni saini ya mwandishi. Msomaji mmoja wa Ediofe alinirudishia nakala yake akilalamika kwamba saini haifanani na jina la kwenye jalada, akitaka nimpe kitabu halali. Mwingine amenisifu kwa kuweka alama ya kuzuia wezi wa vitabu.

Ilimchukua Mjomba siku kumi na nne. Nilijitolea kumsaidia, akanitazama kama mtu aliyeomba funguo za ghala. Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, anampa nakala moja, anaipokea, anaipepea wino ukauke. Mimi nilipewa kazi ya kuwasomea, kuanzia sura mpya ya tisa, na mara hii hakuna aliyekumbuka kuku. Siku ya kwanza, baada ya nakala kama ishirini, niliacha kusoma nikamuuliza Mjomba kwa nini anatia saini yake wakati kitabu ni changu na kosa limo kwenye kitabu changu.

"Katika stoo," akasema bila kuinua macho, "anatia saini ule mutu alipakia."

Mama akamsogezea nakala nyingine.